Akiba ya Nani? Historia ya Benki ya Chakula

Neno benki tulilipokea pamoja na jengo lake, daftari lake na karani wake wa dirishani. Kwa hiyo mtu wetu asikiapo kwa mara ya kwanza habari za benki ya chakula, humjia picha mbili zisizolingana: huku hundi na saini, huko gunia la mahindi. Walakini jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo. Kabla ya benki palikuwa na kihenge. Mkulima alivuna, akapura, akakausha, akakijaza kihenge chake na kukifunika. Na miezi ya njaa ilipofika, mvua zikiwa zimekwisha nyesha lakini mazao mapya bado machanga, mwenye nyumba alikifunua na kupima kibaba kwa kibaba. Wahenga walisema akiba haiozi, ingawa yamkini fukusi hawakuulizwa. Aliyekiendea kihenge hakwenda kwa aibu, maana alichokitoa ndicho alichokiweka kwa jasho lake mwenyewe.

Pwani kuna desturi ya pili nayo yafaa ikumbukwe. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, kila mwenye uwezo hutoa pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba yake, na pishi hiyo huenda kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Maskini huyo hakuweka kitu katika ghala lolote. Hata hivyo anachopokea huhesabiwa kuwa ni haki yake iliyokuwa ikikaa katika mali ya mwingine, wala mtoaji hana ruhusa ya kumsimbulia. Basi mtu aweza kula kutoka katika ghala kwa njia mbili na uso wake ukabaki mzima: ama kwa kuwa aliweka, ama kwa kuwa ana haki. Njia ya tatu ni ya hisani, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu atazame chini.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya benki ya chakula tangu ilipoanza mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona la Marekani, mwaka 1967. Na katika kuifuata, kuuliza ni njia ipi kati ya hizo tatu aliyopewa mlaji. Swali hili si la maneno tu. Benki hizi sasa zimeenea karibu duniani kote, zimefika hata Nairobi, na jina lake limetumika kwa mazoea kiasi kwamba watu wameacha kuuliza kama ni jina la kweli.

Phoenix ni mji wa jangwani. Maji yake huletwa kwa mifereji, na baadhi ya mifereji hiyo ilifuata njia za ile iliyochimbwa na watu wa kale waitwao Hohokam, karne nyingi kabla ya Mzungu kufika huko. Kwa maji hayo yalistawi mashamba ya pamba na bustani za michungwa, milimau na mibalungi, na wavunaji wengi walikuwa vibarua wahamaji waliofuata msimu kutoka shamba hadi shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipanuka kwa kasi. Nyumba zilijengwa ndani ya bustani, miti ikabaki uani mwa watu ambao hawakuwa wakulima wala hawakuwa na haja ya machungwa mia kwa wakati mmoja. Matunda yaliiva, yakaanguka, yakaoza. Katika mji huo huo walikuwamo watu waliolala na njaa.

Mtu aliyeyaona mambo haya mawili kwa pamoja alikuwa Bwana John van Hengel. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji mdogo wa Waupun, jimbo la Wisconsin, akasoma katika chuo cha Lawrence, kisha akaenda California akafanya kazi za namna nyingi. Ndoa yake ilivunjika. Akarudi kwao, akawa mfanyakazi wa machimbo ya mawe, na siku moja katika kuamua ugomvi aliumizwa vibaya hata viungo vyake vikapooza kwa sehemu. Alikwenda Arizona kutafuta joto na kujizoeza kuogelea mpaka mwili ukarudi. Alikuwa Mkatoliki wa dhati, na alipopata nguvu alijitolea kufanya kazi katika bwalo la chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, ambako maskini walipewa chakula kilichopikwa. Hapo ndipo alipoanza kuomba ruhusa ya kuchuma matunda yaliyokuwa yakiharibika mitini. Alipata gari kuukuu la maziwa, akalijaza machungwa na mabalungi, akayagawa. Mara akawa na matunda mengi kuliko mabwalo aliyoyajua yalivyoweza kupokea, maana ziada huja yote pamoja na njaa huja kila siku kidogo kidogo.

Kisa kinachosimuliwa daima ni cha mama mmoja mwenye watoto kumi, ambaye mumewe alikuwa gerezani. Mama huyu aliwalisha wanawe kwa vitu alivyovitoa katika mapipa ya taka nyuma ya duka kubwa la vyakula. Alimweleza Bwana van Hengel kwamba vitu hivyo havikuwa vibaya: vyakula vilivyogandishwa bado viligandamana, makopo yalikuwa yamebonyea tu, karoti zilikuwa na kasoro ya umbo. Kilichokosekana, alisema, ni mahali pa kuviweka, kama benki iwekavyo fedha, ili mwenye kuhitaji aje achukue. Van Hengel alikwenda akatazama mwenyewe ndani ya mapipa, akaona ni kweli. Kisha akamwendea msimamizi wa duka akamwomba vitu vile kabla havijatupwa.

Nataka msomaji akitulie kisa hiki kidogo. Katika masimulizi ya kawaida mama yule hatajwi jina. Aliyetoa fikra hakuandikwa. Aliyeitekeleza ameandikwa, naye alistahili. Lakini tukilichukua neno benki kwa maana yake kamili, amana ya kwanza iliyowekwa katika benki ya chakula ilikuwa ni fikra hiyo ya mama, na mwenye amana hakupewa stakabadhi.

Kanisa la Mtakatifu Maria la mjini Phoenix, lililokuwa chini ya mapadri Wafransisko, lilimpa van Hengel nyumba ya mikate iliyokuwa imeachwa na dola 3,000 za kuanzia. Kwa ajili hiyo benki ikaitwa St. Mary's Food Bank, na jina hilo inalo hata leo. Mwaka wa kwanza iligawa ratili 275,000 za chakula, yaani kiasi cha tani 125. Mwenyewe aliishi maisha ya umaskini wa hiari: alikaa chumbani juu ya gereji, alivaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, na kwa miaka mingi hakuchukua mshahara. Habari hizi huvutia, na wasimuliaji wengi huishia hapo. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni mpango wa kazi uliowekwa katika nyumba ile ya mikate, kwa sababu ndio uliorithiwa na nchi nyingine zote.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Benki haikumgawia mtu mmoja mmoja kama kazi yake kuu. Ilikuwa ni ghala la jumla. Ilipokea chakula kutoka maduka, viwanda na mashamba, ikakipanga, ikakipima, kisha ikakitoa kwa mabwalo, makanisa, nyumba za yatima na vyama vya msaada, na hao ndio waliomfikia mwenye njaa. Kwa upande wa uchukuzi na uhifadhi mpango huu ulikuwa na akili sana. Chama kidogo chenye rafu tatu hakiwezi kupokea lori zima la mtindi unaoharibika baada ya siku sita. Ghala lenye chumba cha baridi laweza, na kesho yake likaugawa kwa vyama hamsini. Baadaye benki nyingi zilidai vyama hivyo senti chache kwa kila ratili, kwa ajili ya gharama za umeme na magari. Lakini matokeo yake ni kwamba mteja wa benki alikuwa ni chama. Mama wa mapipa, aliyeomba mahali pa kwenda kuchukua, alipata mahali hapo mkononi mwa mtu wa tatu.

Hapa sharti turudi nyuma kidogo, maana Phoenix haikuwa mahali pa kwanza ambapo Wamarekani walishangazwa na njaa katikati ya shibe. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka, serikali yao iliamuru nguruwe wapatao milioni sita wachinjwe ili bei ipande. Sehemu kubwa ya nyama ile haikuliwa. Watu wenye njaa walipopiga kelele, serikali iliunda shirika la kununua ziada ya wakulima na kuwagawia maskini. Mwaka 1939 zilianza stempu za chakula, kwanza katika mji wa Rochester, jimbo la New York; zikakoma mwaka 1943 wakati vita vilipokuwa vimemaliza ziada; na mwaka 1964 Rais Johnson alitia saini sheria iliyozirudisha kwa kudumu.

Stempu ni kitu tofauti na benki ya chakula, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Mwenye stempu huingia dukani kama mnunuzi. Huchagua mchele au viazi kwa hiari yake, na kama amenyimwa stempu kinyume cha sheria aweza kushtaki. Kwa lugha ya desturi yetu, stempu inakaribia pishi ya fitiri: ni haki. Ila haki ile ilikuwa na mlango mwembamba. Mpaka sheria ya mwaka 1977 ilipobadilisha mambo, familia ilipaswa kwanza kulipa fedha kidogo ili ipewe stempu za thamani kubwa zaidi, na asiyekuwa hata na hiyo kidogo alibaki nje. Mwezi wa Aprili 1967, mwaka ule ule benki ya Phoenix ilipoanza, Seneta Robert Kennedy alizuru vijiji vya tambarare za Mississippi akaona watoto ambao matumbo yao yamevimba kwa njaa. Basi tusimlaumu Bwana van Hengel kwa kutosubiri serikali. Mtu mwenye lori la machungwa na jirani mwenye njaa hawezi kuambiwa angoje sheria irekebishwe.

Kilichoikuza benki ya chakula kutoka nyumba moja ya mikate hadi kuwa taasisi ya taifa hakikuwa huruma peke yake. Kilikuwa ni kodi. Mwaka 1969 bunge la Marekani lilipunguza nafuu waliyopewa wenye kampuni kwa kutoa bidhaa sadaka, kwa kuwa wengine walikuwa wakipata faida katika kutoa. Mwaka 1976 sheria ilirudishwa nyuma nusu ya njia. Kampuni iliyotoa bidhaa kwa ajili ya wagonjwa, maskini au watoto wachanga iliruhusiwa kuondoa katika hesabu ya kodi gharama ya bidhaa hiyo pamoja na nusu ya faida ambayo ingepatikana sokoni, mradi jumla isizidi gharama mara mbili. Kwa mfano, kopo lililogharimu senti 60 na kuuzwa kwa dola moja lilihesabiwa senti 80. Kopo hilo hilo likitupwa, mwenye kiwanda alipaswa kulipia hata gari la taka. Haikuhitaji mtu kuwa mtakatifu ili aone njia iliyo bora. Kopo lenye maandishi yaliyopinda, sanduku lililopungua uzito, kinywaji kipya ambacho watu hawakukipenda, vyote vikapata mahali pa kwenda.

Wakati huo huo serikali ya Marekani iliwapa watu wa Phoenix fedha ili wasaidie miji mingine ianzishe benki za namna hiyo, na mwaka 1979 kazi hii ikatengwa ikawa chama chenye kujitegemea kiitwacho Second Harvest, yaani mavuno ya pili. Makao yake yalihamia Chicago mwaka 1984, na tangu mwaka 2008 huitwa Feeding America, chama kinachounganisha benki zipatazo 200. Jina la mavuno ya pili humkumbusha msomaji wa Biblia habari za Ruthu, aliyeokota masazo katika shamba la Boazi. Ulinganisho huo ni mzuri, illa haukamiliki. Katika torati mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake, na mjane aliingia mwenyewe shambani kwa miguu yake, akaokota alichokiona. Hakukuwa na karani kati ya Ruthu na suke la shayiri.

Mwaka 1981 Rais Reagan alipoingia madarakani, serikali yake ilipunguza matumizi ya stempu na misaada mingine, na hali ya kazi nayo ilikuwa mbaya. Magazeti yakaandika habari nyingine: kwamba serikali hiyo hiyo imejaza maghala yake jibini iliyonunua ili kulinda bei ya maziwa, na jibini inaanza kuota ukungu. Desemba 1981 Rais aliamuru ratili milioni 30 za jibini zitolewe kwa maskini. Picha za wazee wakisimama foleni katika baridi kungoja kipande cha jibini zinakumbukwa mpaka leo. Na ni nani aliyekuwa na maghala, magari na orodha za vyama katika kila mji? Mara nyingi ilikuwa ni benki za chakula. Mwaka 1983 mpango huu uliwekwa katika sheria, ukaitwa mpango wa muda wa msaada wa dharura wa chakula.

Mwaka 1990 sheria hiyo ilipopitiwa upya, wabunge waliliondoa neno moja: wa muda. Kwa kuwa kwa Kiingereza herufi ya mwanzo ya neno hilo ilifanana na herufi ya neno lililowekwa mahali pake, hata kifupisho cha jina hakikubadilika, na makarani hawakuhitaji kuchapisha karatasi mpya. Sijui mahali pengine katika historia ya sheria ambapo dharura iligeuzwa kuwa desturi kwa gharama ndogo kama hiyo. Mwaka 1996 Rais Clinton alitia saini sheria nyingine, iliyowakinga watoaji wa chakula kwa nia njema wasishtakiwe iwapo kitamdhuru mlaji bila uzembe mkubwa wa kwao. Mtoaji alikwisha kupata nafuu ya kodi. Sasa akapata na ngao. Mlaji, katika miaka hiyo yote, hakuongezewa kifungu hata kimoja.

Mwanazuoni Janet Poppendieck aliandika juu ya mambo haya katika kitabu chake Sweet Charity? cha mwaka 1998, na alama ya kuuliza iliyo katika jina la kitabu ndiyo hoja yake. Alionyesha kwamba kadiri benki za chakula zilivyofanya kazi vizuri ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa taifa kuamini kwamba njaa inashughulikiwa, na haki ya mwananchi ikageuka polepole kuwa zawadi ya jirani. Graham Riches alikwisha kusema mambo ya jamii hiyo juu ya Kanada mwaka 1986, miaka mitano tu baada ya benki ya kwanza ya huko kufunguliwa mjini Edmonton. Mimi naona hoja yao ni nzito, lakini ina upungufu mmoja: yataja watoaji na serikali mara nyingi, na jikoni mwa mlaji haiingii sana. Mtu aliyewahi kupika maji matupu ili watoto waone moshi hatauliza kwanza kama unga umekuja kwa haki au kwa hisani. Ataulizia baadaye, akishashiba. Na hapo ndipo hoja ya Poppendieck inapoanza kumuuma.

Kuenea kwa benki hizi nje ya Marekani nitakupitisha haraka. Ufaransa iliipata ya kwanza mwaka 1984 mjini Paris, Ubelgiji ikafuata, na mwaka 1986 likaundwa shirikisho la Ulaya. Uingereza yafaa kutajwa kwa ajili ya utaratibu wake. Shirika la Trussell, lililoanza kazi hii mjini Salisbury mwaka 2000, liliweka sharti kwamba mwenye njaa aje na cheti kilichoandikwa na daktari, mwalimu, ofisa wa ustawi au mtu mwingine wa namna hiyo. Cheti hicho chafanana sana na hundi. Tofauti yake ni kwamba hundi huandikwa na mwenye akiba, na cheti hiki huandikwa na mtu ambaye siku hiyo hana njaa.

Afrika Magharibi ilikwisha kujaribu njia nyingine kabla ya hapo, na inastaajabisha jinsi wasimuliaji wa historia ya Phoenix wasivyoitaja. Ukame ulioipiga Saheli kati ya mwaka 1968 na 1974 uliua mifugo na watu, na waliosalia waliona jinsi wafanyabiashara walivyonunua mtama wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa na kuwauzia wakulima wale wale miezi minane baadaye kwa bei ya kuvunja mgongo. Katika miaka iliyofuata vijiji vingi vya nchi iitwayo sasa Burkina Faso, na vya Mali na Niger, vilianzisha benki za nafaka. Kijiji kilipata mtaji wa kwanza, mara nyingi kutoka kwa shirika la msaada. Kamati yake ikanunua nafaka bei ikiwa chini, ikaifungia ghalani. Na miezi ya njaa ilipofika ikawauzia au kuwakopesha wanakijiji kwa masharti mepesi, wakarudisha baada ya mavuno kwa kuongeza kidogo. Mahali pengi wanawake ndio walioshika ufunguo.

Hiyo ndiyo benki hasa. Mwenye kutoa na mwenye kuweka ni mtu mmoja, na kamati ni majirani zake. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba nyingi zilikufa. Mavuno yakishindwa mara mbili mfululizo, mkopo haurudi. Wakubwa wa kijiji hujikopesha kwanza. Panya nao hawasomi kanuni. Benki inayotegemea akiba ya maskini hudhoofika mwaka ule ule ambao maskini wanaihitaji zaidi. Benki ya Phoenix, inayotegemea taka za matajiri, haina udhaifu huo. Ina mwingine: ziada haifuati njaa, hufuata soko.

Udhaifu huo ulionekana wazi ndani ya chama cha benki za Marekani chenyewe. Kwa miaka mingi makao makuu yaligawa malori ya chakula kwa zamu, kila benki ikipokea kilichofika zamu yake ilipofika. Mzaha ulizagaa kwamba mtu aweza kupelekewa viazi Idaho, jimbo ambalo viazi vyake huuzwa nchi nzima. Basi mwaka 2005, kwa msaada wa wanauchumi wa chuo kikuu cha Chicago, chama kilitunga fedha yake ya ndani, kikaiita hisa. Kila benki iligawiwa hisa kwa kadiri ya umaskini wa watu wake, na mara mbili kwa siku ikashindana na wenzake katika mnada wa malori ya chakula. Ghafla mambo yaliyofichika yakaonekana. Nafaka za kifungua kinywa na tambi ziligombewa kwa hisa nyingi. Mboga zinazooza zilipata bei ndogo sana. Na kulikuwa na shehena ambazo benki zililipwa hisa ili zikubali kuzichukua. Benki maskini zilijifunza kununua kingi kilicho rahisi, nazo zenye watoaji wengi jirani zilitumia hisa zao kwa vichache walivyovikosa.

Wanauchumi wameusifu mpango huu, na mimi sina la kuupinga katika ufundi wake. Lakini tazama ulipoishia. Miaka 38 baada ya mama yule kutaja neno benki, benki za chakula zilipata kweli fedha, akaunti, bei na uhuru wa kuchagua, na wenye akaunti walikuwa ni maghala. Mama aliye mwisho wa safu hakupewa hisa hata moja. Ni kweli kwamba mahali pengi siku hizi rafu hupangwa kama duka ili mlaji achukue anachokipenda badala ya kukabidhiwa mfuko uliofungwa, na hilo ni jambo la heshima. Walakini bado achagua katika kilichochaguliwa.

Bwana van Hengel alifariki Phoenix mwezi Oktoba wa mwaka huo huo wa 2005, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kazi, askari wa akiba wa Arizona walipelekwa kupakia masanduku katika benki aliyoianzisha. Mjini San Antonio, jimbo la Texas, mwezi wa Aprili mwaka huo, familia zipatazo 10,000 zilifika siku moja kungoja chakula, na picha iliyopigwa kutoka juu yaonyesha magari, safu baada ya safu, mengi yao mapya. Wengi waliokuwa ndani ya magari hayo hawakuwahi kupanga foleni ya msaada maishani mwao. Katika jimbo la Arizona, miongoni mwa wakazi wapya wa miji ya Phoenix na Tucson, wamo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wasemao Kiswahili, waliopitia kwanza kambi ambamo chakula hutolewa kwa kadi, na kadi hiyo huwa na jina la mtu.

Nasi huku Afrika Mashariki mpango wa Phoenix umetufikia. Nairobi lipo shirika liitwalo Food Banking Kenya, lililo katika mtandao wa dunia wa benki za chakula ulioundwa mwaka 2006. Magari yake huenda mashambani kukusanya mboga na matunda ambayo wanunuzi hawakuyataka: mishiri iliyopinda, karoti yenye vichwa viwili, kabeji iliyozidi kimo cha sanduku. Si vyakula vibaya, kama alivyosema mama wa mapipa. Hupimwa, hupangwa, kisha hupelekwa shuleni, katika nyumba za watoto na kwa vyama vya mitaa, na huko ndiko mlaji anapokutana navyo. Baadhi ya mashamba yanayotoa mboga hizo hulimwa na vibarua wa kutwa, na jioni vibarua hao hununua unga wao dukani kwa bei ya siku hiyo.